Mlango wa Wapendanao: Faragha kama Kipimo cha Riwaya ya Mahaba ya Kihistoria katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kinachoifanya riwaya ya mahaba ya kihistoria ifanikiwe au idorore. Wahakiki wengi huipima riwaya ya aina hii kwa usahihi wa tarehe, mavazi na majina ya watawala. Tunapendekeza kipimo kingine, nacho ni faragha: je, mwandishi anajua wapendanao wa zama anazozisawiri waliwezaje kuwa peke yao, kwa msaada wa nani, na kwa gharama gani? Kipimo hicho kinatumiwa kuzijadili kazi za Aniceti Kitereza, Shafi Adam Shafi, Abdulrazak Gurnah, M. M. Kaye na Jennifer Nansubuga Makumbi. Mjadala unaanzia na kuishia Kampala, kwenye kisa cha ndoa ya Namasole Irene Druscilla Namaganda cha mwaka 1941, na unagusa tatizo la lugha linalomkabili mwandishi anayetaka kukisimulia kisa hicho kwa Kiswahili.

Kisa cha Namasole

Kabaka Daudi Chwa II wa Buganda alifariki tarehe 22 Novemba 1939. Mwanawe, Edward Muteesa, alirithi kiti akiwa na umri wa miaka 15, na kwa kuwa alikuwa bado mwanafunzi, madaraka yalishikwa kwa niaba yake na mawaziri watatu, wakiongozwa na Katikkiro Martin Luther Nsibirwa. Mama yake, Irene Druscilla Namaganda, akawa Namasole, yaani mama wa Kabaka, mwenye makazi yake na watu wake. Desturi ilimpa heshima hiyo kwa sharti ambalo hakuna aliyehitaji kuliandika: Namasole haolewi tena. Mwaka 1941 Namaganda, ambaye tayari alikuwa mjamzito, alitaka kuolewa na Simon Peter Kigozi, mtu asiye na cheo na aliyekuwa mdogo kwake kiumri. Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Anglikana hakuona sheria ya dini inayomkataza mjane kuolewa. Nsibirwa aliridhia. Ndoa ikafungwa, na Buganda ikachafuka. Namaganda alivuliwa cheo chake, na Nsibirwa akalazimika kujiuzulu mwaka huohuo. Alirejeshwa kwenye wadhifa mwaka 1945 lakini hakudumu: tarehe 5 Septemba mwaka huo alipigwa risasi na kuuawa mlangoni mwa Kanisa Kuu la Namirembe, safari hii kwa sababu ya ugomvi wa ardhi iliyotakiwa kwa ajili ya Makerere.

Wanahistoria wamekieleza kisa hiki mara nyingi, na kwa haki yao wamekieleza kama sura ya siasa: mvutano kati ya Kanisa na desturi, kati ya wazee wa Mengo na vijana, kati ya Buganda na Waingereza. Mwandishi wa riwaya anaanza na swali dogo zaidi, tena gumu zaidi. Walikutana wapi? Mjane wa Kabaka hakuwa mtu wa kutembea peke yake. Alizungukwa na wajakazi, wazee wa ukoo, wageni waliokuja kupiga magoti na walinzi wa lango. Alipataje saa moja ya kuwa peke yake na kijana yule? Nani alibeba salamu ya kwanza? Nani alijua, akanyamaza? Nani aliyenyamaza kwanza kisha akasema? Mwandishi asiye na majibu ya maswali haya anaweza kuwa na tarehe zote sahihi na bado asiwe na riwaya.

Historia kama kizuizi, si pambo

György Lukács, katika kitabu chake kuhusu riwaya ya kihistoria cha miaka ya 1930, alimsifu Walter Scott kwa jambo moja hasa: kwamba tangu Waverley ya mwaka 1814, wahusika wake wanafikiri na kutenda kwa namna inayotokana na zama zao, na si kwamba zama zimewekwa nyuma yao kama pazia. Hoja hiyo imenukuliwa katika semina zetu kiasi cha kuchosha, lakini haijapelekwa mbali vya kutosha kwenye riwaya ya mahaba. Lukács alishughulika na vita, matabaka na mabadiliko ya utawala. Chumba cha kulala hakikumshughulisha sana. Na katika riwaya ya mahaba, chumba ndicho mahali historia inapoingia au inapokwama mlangoni.

Tuliweke jambo hili wazi. Kila hadithi ya mapenzi inahitaji kizuizi. Katika riwaya ya mahaba ya kisasa kizuizi chaweza kuwa tabia ya mtu: kiburi, woga, kidonda cha zamani. Katika riwaya ya mahaba ya kihistoria kizuizi hakina budi kutoka katika mpango mzima wa jamii ya wakati ule, yaani sheria za ndoa, mahari, utumwa, dini, rangi na mpangilio wa nyumba. Ukiweza kuwachukua wapenzi wawili wa mwaka 1870 ukawahamishia Kampala ya leo bila hadithi yao kubadilika, basi historia katika riwaya hiyo ni pambo tu. Na pambo lina dalili zake. Tumekutana nazo katika miswada mingi: jahazi linatweka tanga katika ukurasa wa kwanza, karafuu inanukia katika wa pili, na kufika ukurasa wa tano binti wa mwinyi anamwambia kijana aliyemwona jana sokoni kwamba yeye anaamini katika kuufuata moyo wake. Hapo msomaji anakifunga kitabu, na anakifunga bila hasira, kwa kuwa hakuna kilichomshika.

Makosa ya vitu yapo pia, na yanafaa kutajwa. Kumvalisha mwanamke wa Unguja wa zama za Sayyid Said kanga yenye jina, ili amsemee mpenzi wake kwa maandishi ya nguo, ni kosa: kanga za maandishi ni za karne ya 20. Kumfanya mwimbaji wa kike aimbe taarab kwenye santuri kabla ya Siti binti Saad kurekodi Bombay mwaka 1928 ni kosa la namna hiyohiyo. Lakini makosa haya yanarekebishika kwa kalamu nyekundu. Tena si kila kosa la namna hii linaua. Katika Kintu, riwaya ya Makumbi iliyotolewa na Kwani? mwaka 2014, Kintu Kidda ni Ppookino wa Buddu mwaka 1750, zama za Kabaka Kyabaggu. Wanahistoria wa Buganda huihesabu Buddu kuwa ilitwaliwa na Kabaka Jjunju, baada ya Kyabaggu. Msomaji anayelijua hilo atakunja uso kidogo, kisha ataendelea kusoma. Kwa nini? Kwa sababu ndoa ya Kintu haina kosa. Anampenda Nnakato, lakini Nnakato ni pacha, na desturi inamtaka amwoe pia Babirye, pacha mwenzake. Mapenzi ya Kintu hayazuiwi na adui wala baba mkali. Yanaongezewa mke mwenye sura ileile ya mpenzi, ambaye hakumtaka, na aliye na haki yote ya kudai zamu yake. Kizuizi cha namna hii hakibuniwi na mwandishi anayeishi katika mawazo ya leo tu. Kinatoka ndani ya jamii ile, na kikitolewa humo, hadithi inaanguka.

Mitungi ya pombe

Mfano mkubwa tulio nao uko ng'ambo ya ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mjukuu wa Mtemi Machunda, alikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa majuzuu mawili. Alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi.

Ni desturi kukisoma kitabu hiki kama ghala la mila za Wakerewe, na ni kweli ghala hilo limejaa. Hata hivyo tunadai kwamba ni riwaya ya mahaba kwanza. Bugonoka na Myombekere hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, na wazazi wa mke, kwa kuona binti yao anadhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na jamii ingemshangilia. Badala yake anakwenda ukweni kuomba mke wake, na anatozwa faini ya mitungi ya pombe ya ndizi. Kuanzia hapo mwandishi anatuongoza hatua kwa hatua katika kazi ya kuitengeneza pombe hiyo: ndizi, kuivisha, kukamua, vyombo, watu wa kusaidia, siku za kungoja.

Wasomaji wengi vijana huzirukaruka kurasa hizi. Tunawaelewa, lakini wanaruka sehemu yenye mahaba mengi kuliko zote. Mwanamume wa Ukerewe ya wakati ule hakuwa na njia ya kumwambia mkewe faraghani kwamba anamtaka yeye na si mwingine, kwa kuwa mkewe alikuwa kwao, chini ya macho ya wazazi wake. Njia aliyoachiwa ilikuwa ya hadharani na ya jasho: kuleta mitungi. Faragha ya hawa wawili imefungwa na wakwe, na ufunguo wake ni pombe. Ndiyo maana wanapokuja kulala tena nyumba moja, hakuna haja ya maneno mengi. Msomaji ameshahesabu gharama, mtungi baada ya mtungi.

Kitabu hiki kinatufundisha jambo ambalo mwandishi wa leo hulisahau kwa wepesi, kwamba mapenzi ya zamani hayakuwa lazima yaishie kwenye ndoa. Yaliweza kuanzia humo. Mkondo wa riwaya za mahaba tulioupokea kutoka Ulaya unasimama arusi inapofungwa. Kwa Kitereza arusi imekwisha kabla ya hadithi kuanza, na swali ni kama ndoa itastahimili masengenyo ya ndugu.

Chumba cha Mwajuma

Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali wala jina kubwa. Kwa njia ya Mwajuma, Yasmin anamjua Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigania uhuru kwa siri.

Mafanikio ya riwaya hii yako katika chumba kile. Mji wa Unguja wa wakati huo uligawanywa na mkondo wa maji, Mji Mkongwe upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili, na kwa msichana wa jamii ya Yasmin kuvuka daraja kulikuwa sawa na kuvuka mpaka wa nchi. Mwandishi halielezi jambo hili kwa mhadhara. Anamvusha tu, kisha anatuonyesha nani anaacha kumwamkia. Tena chumba cha wapenzi na chumba cha njama ni kimoja. Polisi wa mkoloni wanaomwinda Denge wanaizunguka faragha ileile ambayo Yasmin ameitafuta. Kila hodi mlangoni ina maana mbili. Mapenzi na siasa havijawekwa bega kwa bega kama vitu viwili vinavyobadilishana sura; vinatumia mlango mmoja, na vinaogopa hodi moja.

Riwaya hii haina ukamilifu, na si vizuri kuifanya msahafu kwa kuwa imesomwa shuleni. Denge anapohutubia, hadithi inasimama kumngoja amalize, na mara nyingine anachukua muda mrefu. Anaishi zaidi anapokimbia kuliko anapoeleza. Lakini Shafi ana ujasiri ambao watunzi wengi wa mahaba hawana: anamwacha Denge aondoke. Mpigania uhuru aliyetolewa macho na dola haponyoki na mchumba mkononi. Yasmin anaishia kuolewa na Bukheti. Kuna wasomaji wanaouona mwisho huo kuwa ni usaliti wa mapenzi. Sisi tunauona kuwa ndiyo historia yenyewe ikidai chake. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya hii, ina uzuri wa macho unaosifiwa kwa haki. Lakini kwa hesabu ya nani anafungua mlango, nani anaangalia na nani anasengenya, kitabu bado kina mengi zaidi ya kutoa.

Msimulizi anayesimama mlangoni

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, ameandika kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili tunaye hasa kupitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Lakini kwa mada yetu kitabu chake muhimu zaidi ni Desertion cha mwaka 2005. Mwaka 1899 Mwingereza aitwaye Martin Pearce anatokea nyikani akiwa hoi katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, na kupokewa na muuza duka, Hassanali. Hassanali ana dada, Rehana. Baina ya Rehana na Mwingereza panazuka mapenzi.

Panazukaje? Hapa Gurnah anafanya jambo la ajabu. Msimulizi, Rashid, anayeandika miongo mingi baadaye, anakatisha hadithi na kukiri kwamba hajui jambo hilo lilitokeaje. Anajua mji ulivyokuwa, anajua Waingereza walivyokuwa, anajua jinsi mwanamke Mwislamu wa nyumba ile alivyochungwa, na kwa kuwa anayajua yote hayo, haoni njia ambayo wawili hao wangeipata ya kuwa peke yao. Mwandishi dhaifu angeandika mkutano wa bahati kisimani, mwezi ukiwa mpevu. Gurnah anaacha ufa, na kupitia ufa huo tunauona ukubwa wa kizuizi kuliko ambavyo maelezo yoyote yangetuonyesha. Sehemu ya pili ya riwaya inaleta malipo: Jamila, mjukuu wa Rehana, anapendwa na Amin huko Unguja katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na wazazi wa Amin wanamkataza kwa sababu ya sifa iliyobaki ya bibi yule. Faragha ambayo msimulizi hakuweza kuiona imekuwa uvumi unaorithiwa kama shamba.

Katika Afterlives ya mwaka 2020 Gurnah analichukua jambo hilohilo kwa mkono mwingine. Afiya, akiwa mtoto, anapigwa na mlezi wake hadi mkono unavunjika, kosa lake likiwa kwamba anajua kuandika. Hamza, aliyepitia jeshi la Wajerumani, anarudi na lugha yao, na baadaye anamtafsiria Afiya beti za Schiller kwenye karatasi. Mkono ulioadhibiwa kwa kuandika unapokea barua ya mapenzi iliyotoka katika lugha ya mkoloni. Sijui kama kuna tukio katika fasihi yetu linalobeba historia nyingi zaidi katika kikaratasi kidogo zaidi.

Dari ya Salme

Kwa nini basi riwaya nyingine, zenye mandhari yaleyale, hudorora? Trade Wind ya M. M. Kaye, iliyotoka mwaka 1963, ina kila kitu ambacho duka la vitabu lingekitaka: Unguja ya mwaka 1859, jaribio la Barghash la kumpindua ndugu yake Majid, biashara ya utumwa, kipindupindu, na msichana wa Boston aitwaye Hero Hollis anayekuja kuukomesha utumwa na kujikuta mikononi mwa Rory Frost, nahodha mfanyabiashara ya watumwa. Kaye amesoma historia yake. Matukio makubwa yako mahali pake. Lakini wenyeji wa kisiwa ni umati: wanapiga kelele, wanakufa, wanapeperusha makanzu, huku mahaba yakiwa mali ya wageni. Tena kizuizi kati ya wapenzi kinavunjwa kwa ubakaji, na ubakaji huo unageuzwa baadaye kuwa njia ya mapenzi. Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa mazoea ya utanzu huo wakati ule. Huenda. Lakini katika kisiwa ambacho maelfu ya wanawake walikuwa watumwa wasio na haki ya kufunga mlango wao, kumfanya mwuza watu kuwa mpenzi kwa njia hiyo ni kuikosa historia iliyokuwa mbele ya macho ya mwandishi.

Na kando yake, ndani ya riwaya hiyohiyo kama mhusika mdogo, anapita Salme binti Said. Maisha yake peke yake ni kipimo. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa njama za Barghash za mwaka 1859. Baadaye alipanga nyumba mjini jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Dari ya nyumba yake ilitazama ya jirani. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden, ambako mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa. Katika kumbukumbu zake alizozitoa Ujerumani mwaka 1886 anaeleza kwa kirefu vyakula, sikukuu na mabafu ya Mtoni, lakini mapenzi yenyewe anayapitia haraka sana. Binti wa Sultani alijua kipi ni cha wasomaji na kipi si chao. Mwandishi wa riwaya akitaka kuanzia popote, na aanzie darini, kwenye nafasi iliyotenganisha nyumba mbili: nani mwingine aliyekuwa akitazama kutoka kwenye dari ya tatu?

Lugha ya kwenye lango la Namasole

Turudi Kampala. Tuseme mwandishi ameamua kukiandika kisa cha Namaganda, na ameamua kukiandika kwa Kiswahili. Uamuzi huo una mashiko leo kuliko zamani: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha hatua za kukitekeleza. Lakini mara tu kalamu inapogusa karatasi, tatizo linajitokeza. Namaganda na Kigozi hawakupendana kwa Kiswahili.

Katika Buganda ya Muteesa I, miaka ya 1870, mwandishi angekuwa na nafuu. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameingia tangu 1844, Kabaka mwenyewe alikijua Kiswahili, na mapenzi ya baraza lile yangeweza kupitishwa katika lugha hiyo bila kulazimisha. Mwaka 1941 mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, na aliyempinga kwa maandishi, mwaka 1929, alikuwa Kabaka Daudi Chwa: mume wa Namaganda. Kiswahili cha Kampala ya wakati ule kilikuwa lugha ya askari na polisi. Riwaya ya Kiswahili kuhusu mjane wa Daudi Chwa inaingia katika nyumba ambayo mwenyewe aliifungia lugha hiyo mlango.

Si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kuandika kwa macho wazi. Kosa la kwanza la kuepuka ni kuihamishia pwani nzima Mengo. Kigozi akimwamkia Namasole kwa shikamoo, amefika Unguja. Akimtuma kungwi, amefika Mombasa. Buganda ina ssenga, shangazi upande wa baba, ambaye ndiye mwenye haki ya kumfunda binti mambo ya unyumba, na nafasi yake katika kisa hiki si ya kutafsiriwa kwa neno la jirani. Aitwe ssenga, na msomaji wa Kiswahili ataelewa kwa kumwona akifanya kazi yake. Kosa la pili ni gumu zaidi. Luganda kina njia nyingi za kumweka mtu juu au chini: magoti, nafsi ya wingi kwa mtu mmoja, mlolongo wa salamu usioweza kufupishwa bila kutukana. Kijana asiye na cheo anazungumza na mama wa Kabaka kutoka chini, akitazama mkeka. Basi tukio la mapenzi katika riwaya hiyo haliwezi kuwa busu. Ni siku atakayoikata salamu njiani, au atakayomsemesha kwa nafsi ya umoja, na yeye asimkemee. Kiswahili chetu sanifu, ambacho humwita kila mtu wewe, kinakosa ngazi hiyo hasa, na mwandishi itambidi aijenge kwa vitu vingine: nani amekaa wapi, nani ameinuka, mjakazi gani ametumwa maji wakati mtungi ungali umejaa.

Mjakazi huyo, kwa maoni yangu, ndiye wa kusimulia. Askofu Stuart aliandika barua, mawaziri walijadiliana katika Lukiiko, na nyaraka zimebaki. Aliyetumwa maji hakuandika kitu, wala hakuna aliyemuuliza. Lakini alijua siku, saa na mlango, na aliporudi kutoka kisimani alipaswa kuamua kama aingie au asubiri uani, mtungi ukiwa kichwani.